Kosa Ulilolirekebisha Jana Liko Wapi Kwingine?

Katika timu nyingi za kutengeneza programu, kosa likigunduliwa hupitia njia ile ile. Mteja analalamika, mtu mmoja anakaa na kulitafuta, anaukuta mstari wenye shida, anaurekebisha, toleo jipya linapandishwa kwenye seva na suala linafungwa. Swali moja linabaki bila mwenyewe: mstari kama huu umeandikwa wapi kwingine? Aliyeukosea ana mazoea yake, mwenzake alinakili kazi yake, na kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuja baadaye alijifunza kwa kuwaiga wote wawili. Makosa ya programu huzaliana kwa namna hiyo, na kuziba moja huku mengine ya aina yake yakiachwa ni kazi iliyoishia katikati.

Hoja yangu ni kwamba kila kosa zito linalopatikana ligeuzwe kuwa swali, liandikwe kwa lugha ambayo kompyuta inaielewa, kisha lielekezwe kwenye msimbo wote, yaani maandishi yote ya programu, leo na kila siku msimbo unapobadilika. Zana za kufanya hivyo zipo, na baadhi ni za bure. Tunachokosa Afrika Mashariki ni desturi ya kuandika maswali yetu wenyewe. Tumezoea kuendesha yaliyoandikwa na wengine, tukapokea ripoti, tukaamini kwamba tumekaguliwa.

Wengi wetu tukitaka kutafuta kitu kwenye msimbo tunatumia grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, au kile kisanduku cha kutafutia kwenye kihariri. Kwa neno moja inatosha. Lakini grep inaona herufi tu. Haijui kwamba hapa "amount" ni jina la kibadilika (mahali programu inapohifadhi thamani) na pale ni neno ndani ya maelezo ya pembeni. Haijui kwamba thamani iliyoingia kwa jina hilo ilipokelewa na funksheni nyingine (kipande cha programu chenye kazi yake) kwa jina "kiasi", ikapita faili tatu, ikaishia ndani ya amri ya kanzidata. Makosa yanayoumiza watu hujificha kwenye safari hiyo, ambamo kila mstari ukiusoma peke yake hauna ubaya wowote.

Lugha za kuulizia msimbo zinaanzia kwingine. Kwanza programu nzima inasomwa jinsi kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, inavyoisoma, kisha inageuzwa kuwa kanzidata: hii ni funksheni, hii inaiita ile, kibadilika hiki ni cha aina fulani, thamani hii inatoka hapa inakwenda kule. Baada ya hapo unauliza, kama unavyoiuliza kanzidata ya wateja kwa SQL.

Ukaguzi wa msimbo kwa kutumia programu nyingine si jambo la jana. Lint, zana ya kukagua programu za C aliyoiandika Stephen Johnson pale Bell Labs mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa tayari inakamata makosa ambayo kompaila iliyaacha yapite. Ila sheria zake zilifungiwa ndani yake, na mtumiaji alipokea alichopewa. Hatua kubwa ilikuwa kumpa mtumiaji nafasi ya kuuliza anachotaka. Oege de Moor, aliyekuwa profesa Chuo Kikuu cha Oxford, na wenzake walianzisha kampuni ya Semmle mwaka 2006 kwa kazi hiyo, wakaunda lugha ya QL. GitHub iliinunua kampuni hiyo Septemba 2019, na tangu hapo zana yao inajulikana kwa jina la CodeQL.

Chini ya QL kuna Datalog, lugha ya mantiki ambayo kwa miaka mingi ilisomwa zaidi kwenye mihadhara ya kanzidata kuliko kutumika kazini. Uzuri wake ni jinsi inavyoeleza mambo marefu kwa maneno machache. Mfano wa vitabuni ni ukoo: mzazi wa mtu ni mhenga wake, na mzazi wa mhenga wake pia ni mhenga wake. Kwa sentensi hizo mbili umemfikia babu wa babu bila kuhesabu vizazi. Mahali pa mzazi weka funksheni inayoiita nyingine, na sasa unaweza kuuliza kila njia inayoweza kukifikisha kile alichokiandika mtumiaji kwenye fomu hadi kwenye amri ya kufuta akaunti, hata kama njia hiyo inapita funksheni arobaini.

Swali dogo kabisa la CodeQL kwa programu ya C linaonekana hivi:

import cpp
from FunctionCall c
where c.getTarget().hasName("memcpy")
select c

Maana yake ni: niletee kila mahali memcpy inapoitwa. Funksheni hiyo hunakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine, na haina shaka na mtu; ukiiambia inakili baiti elfu sitini itanakili elfu sitini, ziwepo zisiwepo. Kwenye programu kubwa swali hili litaleta mamia ya majibu, na karibu yote hayatakuwa na tatizo. Kazi yenyewe ni kulinoa. Jinsi swali hili mahususi lilivyonolewa ni kisa kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha ujuzi unaohitajika unatoka wapi.

Tarehe 7 Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu wa Heartbleed kwenye OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya seva za intaneti. Kosa lilikuwemo tangu toleo la 1.0.1, lililotoka Machi 2012. Kompyuta moja huitumia nyingine ujumbe mfupi wa kuhakikisha kwamba mawasiliano yangali hai, na ujumbe huo hutaja urefu wa yaliyomo ili yarudishwe kama yalivyo. Seva haikuhakiki urefu uliotajwa. Ukituma baiti moja na kudai umetuma elfu 64, seva ilinakili baiti yako pamoja na karibu kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa jirani yake kwenye kumbukumbu: nywila za watu, vidakuzi vya waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao, hata funguo za siri za seva yenyewe. Na mwizi hakuacha alama yoyote kwenye daftari za kawaida za matukio (logi) za seva.

Coverity, mojawapo ya zana kongwe za kukagua msimbo, haikuwa imeliona kosa hilo. Siku chache baadaye Andy Chou, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alieleza kwa nini. Ile namba ya urefu ilifika kwenye memcpy kwa njia iliyopindapinda kiasi kwamba zana haikuweza kutambua kuwa ni data iliyotoka kwa mgeni. Dawa aliyoieleza ni ya busara sana. Namba zinazosafiri mtandaoni hupangwa kuanzia baiti kubwa, ilhali prosesa nyingi tunazotumia huanzia baiti ndogo, kwa hiyo programu inayopokea namba kutoka nje hulazimika kuipindua. Basi ukiona namba inapinduliwa mpangilio wa baiti, ichukulie kwamba imetoka kwa mtu usiyemjua. Huna haja ya kuifuatilia njia yote hadi kwenye waya wa mtandao, maana kitendo cha kuipindua kimeshaitoa siri yake.

Miaka mitano baadaye fikra hiyo hiyo ilizaa matunda kwingine. U-Boot ni programu ya kuwashia vifaa, inayoamka kabla ya mfumo endeshi, na imo ndani ya ruta, Kindle za Amazon na vifaa vingine chungu nzima. Mwaka 2019 Fermín Serna, aliyekuwa akifanya kazi Semmle, aliona kwa kusoma msimbo kwamba sehemu inayopokea faili kwa itifaki ya NFS inachukua urefu kutoka kwenye pakiti ya mtandao, inaupindua baiti kwa funksheni ya ntohl, na kuupeleka moja kwa moja kwenye memcpy. Kwa kawaida mtu angetuma kiraka, yaani rekebisho, akashukuriwa, na hadithi ikaishia hapo. Yeye na wenzake waliandika swali: niletee kila memcpy ambayo urefu wake unatokana na ntohl au ntohs na haukupimwa popote njiani. Kazi hiyo iliishia kwenye namba 13 za CVE, namba rasmi za kutambulisha udhaifu, kuanzia CVE-2019-14192 hadi CVE-2019-14204.

Katika kisa hiki kompyuta haikugundua kwamba kupindua baiti ni dalili ya mgeni. Mtu alilijua hilo kwa sababu alikuwa ameandika programu za mtandao na kuona zinavyovunjika. Kompyuta ilichukua ujuzi huo na kuupeleka kila kona ya msimbo bila kuchoka, bila kuruka faili, bila kudhani kwamba mahali fulani pako salama kwa sababu paliandikwa na mtu mwenye jina. Mgawanyo huo wa kazi unanivutia kuliko jambo lingine lolote kwenye zana hizi, na ndio unaopotea pale tunapozinunua kama bidhaa iliyokwisha kupikwa.

Waliopo kwenye ulimwengu wa Java wana kisa chao. Mwaka 2017 Man Yue Mo, naye wa Semmle, alitumia QL kufuata data kutoka kwenye ombi la HTTP hadi mahali inapogeuzwa kuwa vitu vya Java ndani ya Apache Struts, mfumo wa kujengea tovuti kwa Java, akakuta kwamba kiambatisho chake cha REST kinapokea data ya XML ya mtu yeyote bila kuichuja. Udhaifu huo, CVE-2017-9805, ulimwezesha mshambuliaji kuendesha amri kwenye seva kutoka mbali, na uliyagusa matoleo ya tangu 2008. Siku mbili baada ya kutangazwa kwake, kampuni ya taarifa za mikopo ya Equifax ya Marekani ilitangaza kwamba imedukuliwa. Mwishowe ikajulikana kwamba watu wapatao milioni 147 waliathirika. Wengi waliunganisha mambo hayo mawili haraka haraka. Ukweli ulikuwa mchungu zaidi: wadukuzi walipita kwenye tundu jingine la Struts, CVE-2017-5638, ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo. Uchambuzi mzuri kiasi gani hauna msaada mahali ambapo jibu linafika na hakuna wa kulishughulikia.

Sasa nije nyumbani. OpenSSL hatukuiandika sisi. Tunachoandika kwa wingi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali ni programu zinazopokea malipo ya simu: maduka ya mtandaoni, SACCO, ada za shule, tiketi za mabasi, mita za maji. Umbo la kazi hizi linafanana. Programu ya mfanyabiashara inaomba malipo, mteja anaona ujumbe kwenye simu na kuweka PIN, kisha mtoa huduma ya malipo anatuma matokeo kwenye anwani ambayo mfanyabiashara ameisajili. Msimbo wa kupokea matokeo hayo mara nyingi huwa hivi:

app.post('/malipo/majibu', (req, res) => {
  const m = req.body.Body.stkCallback;
  if (m.ResultCode === 0) lipaOda(m.CheckoutRequestID);
  res.sendStatus(200);
});

Usome pole pole. Sifuri maana yake muamala umefaulu, na oda yenye namba hiyo inawekwa alama kwamba imelipwa. Lakini nani ameleta ujumbe huo? Anwani ile iko wazi kwenye intaneti. Namba ya ombi nayo mara nyingi hurudishwa kwenye simu ya mteja mwenyewe, ili ukurasa wake uwe unauliza kila baada ya sekunde chache kama malipo yamekamilika. Basi mwizi anaanzisha oda ya televisheni, anapata namba, anakataa kuweka PIN, kisha anatuma mwenyewe ujumbe wenye umbo lile lile na sifuri ndani yake. Mfumo unamshukuru kwa malipo. Hata pale anapolipa kweli, msimbo huu haulinganishi kiasi kilicholipwa na bei ya oda.

Tiba inafahamika. Ujumbe ule uchukuliwe kuwa fununu tu. Programu iende kumuuliza mtoa huduma mwenyewe hali ya muamala kupitia API yake ya kuulizia (mlango wa programu kuzungumza na programu), ilinganishe kiasi, ndipo oda ilipwe. Ninachosisitiza ni hatua inayofuata. Andika swali: niletee kila mahali ambapo thamani kutoka kwenye mwili wa ombi inafika kwenye lipaOda, au funksheni yoyote inayobadilisha hali ya oda kuwa imelipwa, bila kupita kwanza kwenye thibitishaMuamala, funksheni inayofanya uhakiki huo. Kwa anayeijua zana yake, toleo la kwanza la swali hilo ni kazi ya alasiri moja. Linaendeshwa kwenye miradi yote ya kampuni, ile ya zamani ambayo aliyeiandika ameshahama kazi ikiwemo.

Mkusanyiko wa maswali uliokuja na zana hauwezi kukusaidia hapa, na si kosa la waliouandika. Unajua jinsi data ya mtumiaji inavyopenya kwenye amri ya SQL, unajua nywila zilizoandikwa ndani ya msimbo, unajua mambo mengi yanayofanana dunia nzima. Haujui lipaOda ni nini. Haujui kwamba katika kampuni yako kuna funksheni moja tu inayoruhusiwa kugusa salio. Elimu hiyo iko vichwani mwa watu wako, na kila anayeacha kazi anaondoka na sehemu yake.

Maswali ya namna hiyo yako mengi yanayosubiri kuandikwa. Namba ya simu ya Kenya inaweza kuingia kama 0712, 254712 au +254712, na mifumo inayolinganisha herufi kwa herufi humfanya mtu mmoja kuwa wateja watatu. Uliza ni wapi namba za simu zinalinganishwa bila kupita kwenye funksheni ya kuzisawazisha. Fedha zinazohesabiwa kwa namba za desimali za kompyuta hukusanya makosa madogo madogo hadi vitabu havifungi. Uliza ni wapi kibadilika chenye jina la salio, riba au makato ni cha aina ya float. Mkopo unaosomwa kwa namba iliyo kwenye anwani ya ukurasa bila kuhakiki kwamba aliyeingia ndiye mwenye mkopo ni mlango wazi wa taarifa za watu, na Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa hizo. Kila moja ya haya linaulizika.

Najua malalamiko yatakayokuja, kwa sababu nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu: zana hizi zina kelele. Unaziendesha mara ya kwanza, zinakuletea tahadhari elfu moja mia mbili, unafungua ishirini za kwanza, kumi na nane hazina maana, unafunga na hurudi tena. Ni malalamiko ya haki. Google ilipojenga mfumo wake wa ukaguzi iliweka sharti kwamba ukaguzi ambao zaidi ya asilimia 10 ya tahadhari zake watumiaji hawaoni sababu ya kuzishughulikia hauna nafasi humo. Facebook walijifunza jambo linalonishangaza zaidi. Zana yao ya Infer ilipokuwa ikiendeshwa usiku na kuwapa watengenezaji orodha ya makosa, karibu hakuna aliyerekebisha chochote. Uchambuzi ule ule, wenye kelele ile ile, ulipohamishiwa kwenye mapitio ya msimbo, ukawa unamweleza mtu kosa wakati bado anakumbuka alichokuwa anafanya, zaidi ya asilimia 70 ya makosa yaliyoripotiwa yalirekebishwa.

Kwa hiyo ripoti ya kurasa mia mbili inayoandaliwa mara moja kwa mwaka ili mkaguzi aridhike ni njia mbaya kuliko zote za kutumia teknolojia hii. Fedha zimetoka, wino umetumika, na mtu aliyeandika ule mstari hajawahi kuiona ripoti. Maswali matano yaliyoandikwa na timu yenyewe, yanayoendeshwa kila mara mtu anapowasilisha mabadiliko, yenye majibu machache ambayo kila moja linaeleweka, yana faida kubwa zaidi kwa duka dogo la programu pale Mwenge au Westlands.

Kuhusu kelele kuna kipimo rahisi ambacho watu hukisahau. Swali ulilolitunga kutokana na kosa la kweli lina mtihani wake tayari: rudisha msimbo kwenye toleo la kabla ya kiraka, uliza, na swali lazima likikamate kile kilichokuuma; kisha uliza toleo la baada ya kiraka, na lazima linyamaze. Likishindwa upande mmoja kati ya hizo mbili, halijakomaa. Siku hizi watu huwaomba mifumo ya akili unde iwaandikie maswali haya, na sioni ubaya, mradi mtihani huo ufanyike. Mifumo hiyo hiyo sasa inaandika sehemu kubwa ya msimbo wetu, na ikikosea mara moja inaweza kurudia kosa lile lile kwenye faili kumi kwa dakika moja. Mapitio ya macho peke yake hayataweza kwenda na kasi hiyo.

Mipaka ipo. Tangu 1953 Henry Rice alithibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kutoa jibu sahihi daima kuhusu tabia ya kila programu nyingine, kwa hiyo kila zana huchagua: ama iache baadhi ya makosa yapite, ama ipige kelele pasipo na moto, na kwa kawaida hufanya yote mawili kidogo kidogo. Anayekuuzia zana kwa ahadi kwamba haitakosa kitu anakudanganya. Pia kuna makosa ambayo hayana umbo. Kama sheria ya riba yenyewe ilieleweka vibaya tangu kwenye kikao na mteja, msimbo utaitekeleza kwa uaminifu na hakuna swali litakaloliona kosa.

Mpaka mwingine unatugusa sisi moja kwa moja. Sehemu kubwa ya mifumo ya shule, hospitali na biashara ndogo katika nchi zetu imeandikwa kwa PHP, na CodeQL haijawahi kuisoma PHP rasmi. Anayeanza leo na mradi wa Laravel (mfumo wa kujengea programu za PHP) aangalie Semgrep, ambayo hukubali maswali yaliyoandikwa kwa umbo la msimbo wenyewe na ndiyo rahisi zaidi kujifunza, au Joern, iliyotokana na utafiti wa Fabian Yamaguchi na wenzake waliouchapisha mwaka 2014 baada ya kuitumia njia yao kupata udhaifu 18 uliokuwa haujulikani kwenye kiini cha Linux. Joern ni programu huria kamili. CodeQL yenyewe ni bure kwa miradi huria na kwa utafiti wa vyuo, lakini msimbo wa siri wa kampuni unahitaji leseni ya kulipia. Semgrep nayo ilibadilisha masharti ya baadhi ya vipengele vyake mwishoni mwa 2024, na mapema 2025 kundi la kampuni likaanzisha tawi huria la Opengrep. Mtu asome masharti kabla ya kujenga kazi yake juu ya zana yoyote kati ya hizi.

Linalonikera ni kwamba makosa yetu tunayafanya kwa pamoja na kuyatibu kila mtu kivyake. Msimbo ule wa kupokea malipo niliouonyesha hapo juu unatokana na mafunzo yale yale ya mtandaoni, unanakiliwa kutoka mradi hadi mradi, na kampuni inayoumwa huficha jeraha kwa kuogopa aibu. Swali halina aibu. Unaweza kulitoa hadharani bila kusema lilizaliwa kwa mteja gani, fedha kiasi gani zilipotea au nani alilala usiku huo ofisini. Vitengo vya taifa vya kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni, TZ-CERT ya Tanzania iliyo chini ya mamlaka ya mawasiliano TCRA na KE-CIRT ya Kenya, hutoa tahadhari za usalama mara kwa mara. Tahadhari ya maneno ingeambatana na swali la kuendesha, ingemfikia mtengenezaji programu wa Mbeya ikiwa tayari ni kazi, badala ya onyo la kusoma na kusahau. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta, ambao kila mwaka hutengeneza mfumo mwingine wa kusimamia maktaba kwa ajili ya mradi wao, wangeweza kupewa kosa moja la kweli na kuambiwa waliandikie swali linalofaulu ule mtihani wa kabla na baada ya kiraka.

Mkusanyiko wa namna hiyo unaweza kuanza na maswali matatu tu: malipo yanayoaminiwa bila kuthibitishwa, namba za simu zisizosawazishwa, na rekodi ya mtu inayosomwa bila kuuliza ni ya nani. Uwe huria, uwe na maelezo ya Kiswahili na Kiingereza, na kila swali liambatane na mfano wa msimbo mbovu na mfano wa msimbo uliotengenezwa. Kiongozi wa timu anayesoma hapa hahitaji kungoja taasisi yoyote. Afungue orodha ya makosa yaliyofungwa tangu mwaka uanze, achague lile lililowagharimu zaidi, na ampe mtu mmoja siku mbili za kuliandikia swali.